Mfanyabiashara wa mpakani, usibebe kaburi la mtu

Si kila anayevuka Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo amebeba mahindi, dagaa au mitumba. Wapo wenzetu wanaobeba vinyago, ngoma, shanga na vikapu, na biashara yao ni halali kama ya mwingine yeyote. Lakini ndani ya mizigo hiyo mara nyingine huingia kitu ambacho hakikutengenezwa ili kiuzwe: mti wa kumbukumbu ya marehemu, barakoa ya jandoni, sanamu ya mizimu ya ukoo fulani. Makala haya yanahusu kitu hicho.

Niseme mapema ninachokiamini. Kitu kitakatifu cha watu kisivushwe mpaka, hata kama bei ni nzuri na aliyekileta ni kijana wa nyumba hiyo hiyo. Kinachofaa kuvushwa, tena kwa fahari na kwa karatasi kamili, ni kazi mpya ya msanii aliyeichukua kumbukumbu ya nyumbani kwao na kuitia katika sanamu yake mwenyewe. Kwa macho ya mtu mwenye haraka ya kuwahi basi vitu hivi viwili hufanana. Vyote ni mti, chuma, kitambaa na kamba. Lakini kimoja ni bidhaa, kingine ni mali ya watu wanaoomboleza.

Daftari la misumari

Tuanze na nchi jirani ambayo tangu mwaka 2022 ni mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wake wa magharibi, kwa Wakongo wanaoishi karibu na mahali Mto Kongo unapoingia baharini, kuna sanamu ziitwazo nkisi nkondi. Mchongaji huchonga umbo la mtu kwa mti. Kisha mganga, wao humwita nganga, hutia dawa katika tundu la tumboni au kichwani, na mara nyingi hulifunika kwa kioo. Baada ya hapo sanamu hupigiliwa misumari na vipande vya chuma, kimoja baada ya kingine, kwa miaka mingi.

Kila msumari una jambo lake. Huu ni wa watu wawili walioapishana. Ule ni wa ugomvi uliosuluhishwa. Mwingine ni wa wakubwa wa vijiji viwili waliofanya mapatano. Neno nkondi lina maana ya mwindaji, na anayevunja kiapo anajua kwamba mwindaji huyo atamfuata.

Mfanyabiashara akiitazama sanamu hiyo ataona kitu anachokijua. Ilikuwa daftari la mikataba, shahidi na hakimu, vyote katika umbo moja. Tazama pia ilivyoundwa. Mti ulitoka msituni na dawa ilitoka kwa mganga, lakini vioo na misumari mingi vilifika pwani kwa njia ya biashara. Siku hizi wasomi wa sanaa wanapozungumzia sanamu za mchanganyiko wa vitu, zilizoundwa kwa mti, chuma, nguo na takataka za mjini, wengine hudhani ni jambo lililoletwa na vyuo vya Ulaya. Waganga na wachongaji wa Kongo walikwisha kulifanya zamani, na wachuuzi ndio waliowaletea sehemu ya vifaa.

Wafanyabiashara hao hao ndio walioanza pia kuvichukua. Mwaka 1878, katika mji wa Boma, Mbelgiji aliyeitwa Alexandre Delcommune, wakala wa nyumba ya biashara, aliichukua nkisi nkondi ya chifu Ne Kuko wakati wa mapambano na machifu wa eneo hilo. Ne Kuko aliomba arudishiwe. Hakurudishiwa. Sanamu hiyo hadi leo iko Ubelgiji, katika jumba la makumbusho la Tervuren.

Ukisoma habari hiyo kama mtu wa sokoni, utaona uzito wake kwa namna yako. Delcommune hakuchukua pambo. Alichukua daftari la watu wote waliokuwa wameapa mbele ya sanamu ile. Fikiria mtu aingie sokoni kwenu na kuondoka na kitabu cha kikundi cha kuweka na kukopa, chenye madeni na ahadi za wanachama wote, kisha akitundike ukutani kwake kwa sababu jalada lake linapendeza.

Mti usiohamishwa

Sasa tuje pwani ya Kenya, ambako jambo hilihili limetokea katika umri wetu sisi. Wagiriama na ndugu zao wengine wa Mijikenda humsimikia mti wa kumbukumbu mzee aliyekuwa mwanachama wa chama cha heshima kiitwacho Gohu. Mti huo ni kigango. Huchongwa kwa mti mgumu, hupambwa kwa michongo ya pembetatu, kisha huvishwa vitambaa. Husimikwa bomani, na hapo familia humkumbuka marehemu na kumpa haki yake ya kinywaji na chakula.

Kikishasimikwa hakihamishwi. Familia ikihama kwenda kutafuta shamba jipya, kigango hubaki palepale, kipigwe na mvua na kuliwa na mchwa hadi kirudi udongoni. Mgeni akikiona kimeinama peke yake katika boma lililohamwa, anaweza kudhani kimetupwa. Hakijatupwa. Kinafanya kazi yake kwa namna kilivyokusudiwa.

Miaka ya 1970 na 1980 watu wa nje walivipenda vigango. Vijana waliving'oa, madalali wakavinunua, maduka ya vinyago yakaviuza, na mamia vikaishia Marekani, katika nyumba za matajiri na katika makumbusho. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda si mrefu vigango vyote viwili vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi, Udvardy akakiona kimojawapo kwenye picha iliyoonyeshwa na mwenzake: kilikuwa katika mkusanyiko wa makumbusho ya chuo kikuu huko Illinois. Cha pili kikapatikana katika makumbusho ya Hampton University, Virginia. Kimoja kilirudishwa mwaka 2006, kingine mwaka 2007.

Vigango hivyo viwili vilipata njia ya kurudi kwa sababu ilikuwapo picha. Vingine havikuwa na bahati hiyo. Denver Museum of Nature & Science iliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30 ilivyokuwa navyo, na vikafika Kenya mwaka 2019. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo kigango kinachorudi bila habari zake hakina pa kusimama. Ni cha mzee gani? Kiling'olewa boma lipi? Nani wa kukipokea? Mtu pekee aliyeweza kujibu maswali hayo ni yule aliyekinunua kwa mara ya kwanza, na yeye hakuandika kitu, kwa kuwa kuandika kungeonyesha wizi.

Tanzania nayo ina kisa chake. Wamakonde, wanaoishi pande zote mbili za Mto Ruvuma, wana barakoa ziitwazo mapiko, zinazochezwa wakati wa sherehe za jando na unyago. Huchongwa kwa mti mwepesi, na nyingi hubandikwa nywele halisi za binadamu na kuwekwa chale za nta usoni. Mwaka 1984 barakoa moja ya Kimakonde iliibwa pamoja na vitu vingine katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ilinunuliwa Paris na kupelekwa katika jumba la Barbier-Mueller, Geneva. Ilirudi nyumbani mwaka 2010. Miaka 26 kwa kitu kilichokuwa na rekodi ya serikali! Je, cha bibi yako kijijini, kisicho na rekodi yoyote, kitarudi lini?

Sababu tunazojipa

Najua majibu yanayotolewa, kwa kuwa ni yaleyale kila soko.

La kwanza ni kwamba aliyeuza ni mwenyewe, ni mtoto wa nyumba ile, basi mnunuzi ana kosa gani? Lakini sisi watu wa Afrika Mashariki tunajua vizuri tofauti ya mali ya mtu na mali ya ukoo. Kijana akikufuata jioni akitaka kukuuzia shamba la ukoo kwa bei ya kutupa, utamwuliza wazee wako wapi, na mashahidi wako wapi. Hutanunua kwa neno lake peke yake, maana unajua kesi itakuja. Kigango ni mali ya ukoo kuliko hata shamba. Shamba linaweza kugawanywa, babu hagawanywi.

La pili husemwa na watu wa dini: haya ni mambo ya ushirikina, afadhali yaondoke. Mimi sibishani na imani ya mtu. Asiyeamini mizimu anayo haki ya kutoviabudu vitu hivyo na kutovisogelea. Lakini kutoamini hakumpi haki ya kuuza. Mkristo asiyeamini mambo ya Waislamu hawezi kuchukua msahafu wa jirani na kuupeleka mnadani, na Mwislamu hawezi kung'oa msalaba wa kaburi la Mkristo akauuza kwa mtalii. Tena ajabu ni kwamba mtu anayeviita vitu hivi uchafu ndiye mara nyingi anayetaka bei kubwa zaidi.

La tatu ni kwamba makumbusho yatavitunza vizuri kuliko kijiji. Kwa baadhi ya vitu hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana kila nchi ya Jumuiya inahitaji makumbusho yenye wataalamu na ulinzi. Lakini haiwezi kuwa hoja ya mtu aliyenunua usiku kwa ajili ya faida. Na kwa kigango haifai kabisa, kwa kuwa chenyewe kimekusudiwa kuoza mahali pake.

La nne ndilo gumu: nisiponunua mimi, atanunua mwingine, na watoto wangu watalala njaa. Hapa tuangalie hesabu. Kijana aliyeng'oa hupata fedha ya kumaliza wiki. Dalali wa mpakani hupata kidogo zaidi, pamoja na wasiwasi wa kukamatwa. Faida kubwa iko mwisho wa njia, kwa yule anayekiuza kwa maelfu ya dola mbali na hapa, akiwa na duka la vioo na taa. Mchuuzi wetu anabeba hatari yote ya safari na kupata makombo.

Hatari yenyewe si ndogo. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964. Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Chini ya sheria hizo, vitu vya urithi vinavyolindwa havitolewi nje ya nchi bila kibali. Mzigo ukishikwa, hupotezi kile kimoja tu. Unaweza kupoteza mzigo mzima, gari, na jina lako kwa maofisa wa mpaka huo kwa miaka yote unayotaka kuendelea kupita hapo.

Dumu linapokuwa uso

Sasa kuna upande wa pili, nao ndio unaonipa matumaini.

Afrika Magharibi, kati ya Nigeria na Benin, kuna biashara ya mafuta ya petroli ya magendo ambayo kila mtu anaijua. Petroli hununuliwa Nigeria, hupakiwa katika madumu, au jerikani kama wasemavyo wengine, hufungwa kwa wingi wa kutisha juu ya pikipiki na kuvushwa hadi Benin, ambako huuzwa barabarani katika chupa. Ili dumu libebe zaidi, hupashwa moto na kutanuliwa. Plastiki huwa nyembamba. Siku moja hupasuka, na pengine humchoma aliyelibeba.

Msanii Romuald Hazoumè, aliyezaliwa Porto-Novo mwaka 1962 katika familia yenye asili ya Kiyoruba, alikua akiyaona madumu hayo na pia barakoa za ibada za watu wake. Akaona kwamba dumu lililokatwa lina uso: mdomo wake ni mdomo, mshikio ni pua. Akaanza kuunda barakoa kwa madumu, nyaya, nywele za bandia, vipande vya redio na takataka nyingine. Amewahi kueleza kwamba kwa kazi hizo anawarudishia watu wa Magharibi taka zao wenyewe, zile zinazoletwa kwetu kila siku.

Kazi yake kubwa inaitwa La Bouche du Roi, jina la mahali nchini Benin palipokuwa pakisafirishiwa watumwa. Alianza kuiunda mwaka 1997 na kuikamilisha mwaka 2005. Ina barakoa 304 za madumu, zimepangwa sakafuni kwa umbo la meli ya watumwa iliyojulikana kwa mchoro wake, Brookes. Pamoja nazo kuna vitu vya biashara ya zamani kama kauri, shanga, chupa za pombe na viungo. Zinasikika sauti za watu na inasikika harufu. Baadhi ya barakoa zimewekewa alama za orisha, miungu ya Wayoruba, kwa kuwa watu waliopakiwa melini walikuwa na imani zao na majina yao. British Museum iliinunua mwaka 2007, mwaka ambao Uingereza ilikuwa ikiadhimisha miaka 200 tangu ipige marufuku biashara ya watumwa.

Angalia alichofanya Hazoumè. Hakwenda kung'oa barakoa ya ibada kijijini. Alichukua dumu, kitu cha sokoni, na kulitia kumbukumbu ya barakoa. Ameliuzia jumba kubwa la Uingereza kazi inayoishtaki Uingereza yenyewe, amelipwa, na hakuna mzee hata mmoja Porto-Novo aliyeamka asubuhi akakuta mahali pa ibada pake ni patupu. Zaidi ya hapo, kazi hiyo inazungumza juu ya mchuuzi wa mpakani kwa heshima. Dumu linalotanuliwa hadi kupasuka ni mwili wa mtu anayebebeshwa kupita uwezo wake. Waendesha pikipiki na akina mama wa mipakani kwetu hawahitaji mtaalamu wa kuwafafanulia.

Si Hazoumè peke yake. El Anatsui, aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufanya kazi kwa miaka mingi Nsukka, Nigeria, alianza miaka ya 1970 kwa sinia za mbao ambazo akina mama wa sokoni walipangia bidhaa zao. Alizichoma alama za jadi kwa chuma cha moto, zikawa sanaa. Baadaye akajulikana duniani kwa mapazia makubwa ya vifuniko vya chupa za pombe vilivyounganishwa kwa waya wa shaba, yanayong'aa kama vitambaa vya kente.

Na Nairobi tunaye Cyrus Kabiru, aliyezaliwa mwaka 1984. Yeye huunda miwani ya ajabu kwa nyaya, vifuniko, vijiko na mabaki ya vifaa vya umeme. Chanzo ni kumbukumbu ya nyumbani: baba yake aliwahi kuadhibiwa utotoni kwa sababu ya miwani, akaichukia, na Cyrus alipotaka miwani akaambiwa ajitengenezee. Kabiru ameunda pia sanamu kutokana na baiskeli aina ya Black Mamba, zile nzito nyeusi zilizosukumwa pembeni na pikipiki. Kwa watu wa Busia na Malaba baiskeli hiyo si chuma chakavu. Ndiyo iliyobeba watu na magunia kutoka kituo cha mpaka huu hadi kile, mpaka neno bodaboda likazaliwa hapo na kuenea nchi zote.

Wasanii hao watatu wana jambo moja la pamoja. Kumbukumbu wanayoiuza ni yao, vifaa wanavyotumia ni vya sokoni, na majina yao yanajulikana. Kwa hiyo kazi yao inaweza kuvuka mpaka wowote mchana kweupe.

Mchuuzi anaweza kuwa chanzo cha heri

Mtu asidhani kwamba wanaofanya kazi hiyo ni wasanii wenye majina tu. Historia yetu wenyewe inaonyesha mfanyabiashara akiwa upande mzuri. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Baadhi yao wakaendelea kuchonga. Kuanzia miaka ya 1950, Dar es Salaam, ukazuka mtindo wa vinyago vya mashetani, na Samaki Likankoa hutajwa kuwa ndiye aliyeuanzisha. Muuzaji wa vinyago Mohamed Peera aliwapa wachongaji wa mtindo huo soko na moyo wa kuendelea. Mashetani hao walitoka katika imani na hadithi za watu wenyewe, lakini kinyago chenyewe kilichongwa kiuzwe. Mapiko ya jandoni yalibaki jandoni. Familia nyingi zimesomesha watoto kwa vinyago hivyo, na sioni mahali ambapo ukoo uliibiwa.

Basi tufanye nini kesho asubuhi mpakani?

Kwanza, mtu akikuletea kinyago au sanamu, uliza maswali matatu kabla ya bei. Nani alikitengeneza? Alikitengeneza kwa ajili ya nani? Kabla hakijafika hapa kilikuwa kimesimama wapi? Muuzaji wa bidhaa halali hujibu bila kutazama pembeni. Ukiambiwa "ni cha zamani sana, usiulize", wewe usinunue. Na ukiona shina lina udongo, mabaki ya kitambaa yamekauka juu yake au kuna alama za kumiminiwa vinywaji, jua kwamba umeshika kitu cha watu.

Pili, tuache mchezo wa kuzeesha vitu. Wapo wanaokifukia kinyago kipya ardhini au kukifukiza moshi ili kionekane cha karne iliyopita. Huo ni ulaghai kwa mnunuzi, tena unalisha ile hamu ya vitu vya zamani inayowapeleka vijana makaburini. Uza kitu kipya kama kitu kipya. Andika jina la aliyekiunda, mji wake na mwaka. Mnunuzi mwenye fedha hulipa zaidi kwa kazi yenye jina, na msanii mwenye jina atakuletea nyingine.

Tatu, angalia vifaa. Sanamu za mchanganyiko huweza kuwa na pembe, meno, ngozi, manyoya au magamba ya kasa. Kipande kidogo cha meno ya tembo kinatosha kukupeleka mahakamani hata kama sehemu nyingine yote ni mti na bati. Mwambie msanii mapema kwamba kazi ya kuvushwa isiwe na vitu vya wanyamapori.

Nne, tumia njia ya kisheria iliyopo. Jumuiya ina utaratibu rahisi wa biashara kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, wenye cheti rahisi cha uasili, kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa. Uliza katika mpaka wako kama kazi za mikono unazobeba zimo. Kama hazimo, peleka hoja kwa chama chenu cha wafanyabiashara, maana orodha hizo huandikwa na watu na zinaweza kubadilishwa na watu.

Serikali nazo zina deni. Ofisa wa forodha anajua kutambua sukari ya magendo na vitenge visivyolipiwa ushuru. Ni nani amemwonyesha kigango kinafananaje na mti uliochongwa wiki iliyopita kwa ajili ya hoteli? Makumbusho za nchi zetu zipeleke picha katika vituo vya pamoja vya mpakani, zikibandikwa ukutani mahali ambapo ofisa na mchuuzi wote wataziona. Pia mamlaka ziseme wazi asili ya kazi kama zile za madumu na baiskeli inahesabiwaje. Dumu limetengenezwa nje, lakini sanamu imeundwa Kampala au Bujumbura. Kwa maoni yangu hiyo ni bidhaa ya Kampala au Bujumbura, na aliyeiunda asizungushwe mpakani kwa sababu ya plastiki iliyookotwa jalalani.

Tunaposema Jumuiya ya Afrika Mashariki tunamaanisha pia kwamba marehemu wa Kilifi ni jirani wa mtu wa Tanga, na mizimu ya ukoo wa Bukavu ina majirani Cyangugu. Biashara kati ya majirani hudumu mradi kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake hatampitia usiku. Madumu yapo tele, vifuniko vipo, baiskeli chakavu zipo, na vijana wenye mikono na kumbukumbu wapo katika kila mji wa mpakani. Waagize kazi, walipe vizuri, beba uuze. Kigango ukiletewa, mwambie aliyekileta akirudishe kabla wazee hawajaamka.